Jibu Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na mvi, katika darasa la kisomo lililofanyika alasiri kwenye shule ileile tuliyosoma sisi watoto asubuhi. Alikalia dawati langu mwenyewe. Nilikuwa darasa la sita wakati huo, na nilipoingia asubuhi nilikuta chini ya dawati vumbi jekundu la shamba alilolileta kwa miguu yake. Nilijivunia vumbi lile. Wenzangu wengine mama zao walikataa kwenda, wakisema kalamu ni nyepesi mno kwa mkono uliozoea jembe.

Mwalimu wao alikuwa mtu wa Tanga. Serikali ilimleta Newala kama ilivyowaleta mabwana shamba na makarani wengi miaka ile ya Ujamaa. Alishuka kwenye basi na sanduku la bati na redio, akapanga chumba nyuma ya soko. Alikuwa mwembamba, nadhifu, na alipenda mashairi kuliko chakula. Alipoona wanafunzi wake wanachoka kuimba silabi za ubaoni, aliamua kwamba Jumamosi hakutakuwa na ubao. Jumamosi itakuwa ya mashairi. Kila mwenye neno asimame alitoe, awe anajua kuandika au hajui.

Mwanzoni walikuja watu wachache, wakiziba midomo kwa viganja kwa aibu. Baadaye walikuja hata wasio wa kisomo: fundi cherehani wa sokoni, wauguzi, mzee mmoja wa msikitini aliyeandika tungo zake kwa herufi za Kiarabu akawa hasomeki na mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Watu walikaa mpaka kwenye madirisha. Mwalimu aliwafundisha mizani kwa kugonga meza: nane, vuta pumzi, nane tena. Wanawake walishika upesi. Walisema ni kama kutwanga wawili katika kinu kimoja, ukikosea unampiga mwenzako mkono.

Ilijengeka desturi pale kwamba shairi likisomwa hungojewa jibu. Mtu akilalamika leo kwamba mume wake anamaliza nguvu zake kwenye uraka, pombe ya mabibo, wiki ijayo mwanamume mmoja lazima asimame kuwatetea wanaume. Na asiposimama mtu, ukumbi mzima ulipiga meza ukisema, "Jibu! Jibu!" mpaka mmoja ajitoe. Mwalimu ndiye aliyewazoeza hivyo. Alisema shairi lisilojibiwa ni sawa na mtu aliyebisha hodi akaachwa nje.

Mama alikaa kimya Jumamosi nyingi. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, yaani amezaliwa upande wa pili wa mto Ruvuma, kule Msumbiji, na alikuwa na chale za kwao mashavuni. Baba, mwenyeji wa Newala, alimwoa akamleta juu ya uwanda wetu. Na wakati ninaousimulia baba alikuwa na mke mwingine Tandahimba, kwetu akija zaidi msimu wa korosho. Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Wa tatu alikuwa kaka yangu, ambaye hakuwepo.

Kaka alikuwa mtoto wa kwanza wa mama. Vita vya kumng'oa Mreno vilipoanza kule ng'ambo, alikuwa kijana anayeota ndevu. Wakimbizi walipopita kijijini na magodoro vichwani na watoto migongoni, alikuwa akiwauliza maswali mpaka mama anamwita arudi ndani. Kisha siku moja alisema anakwenda kuungana na wapigania uhuru. Mama alimwambia wewe ni Mtanzania, baba yako ni wa huku. Kaka akasema, "Kule ni kwa mama yangu. Wanaouawa ni wajomba zangu." Alirudi mara moja tu kutuona, masika, amevaa buti kubwa zilizonichekesha. Alilala siku chache, akaondoka. Baada ya hapo hatukupata salamu wala habari. Tulichopata ni sauti. Siku nyingine upepo ukivuma kutoka kusini tulisikia mabomu, na ukienda ukingoni kwa uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla, uliona moshi ukipanda mbali chini, ng'ambo ya mto.

Na kwa kuwa desturi yetu ni kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kila aliyemsalimia mama alilitaja jina la kaka. Kisimani, sokoni, kwenye foleni ya sukari. Siku nzima alikuwa akiitwa kwa jina la mtu ambaye yeye mwenyewe hakujua yuko wapi.

Jumamosi aliyosimama, hakutuambia kabla. Alisimama tu, akashika kona ya dawati, akasema kwa sauti ya chini:

Mwanangu nakuuliza, uliko kuna mihogo?
Usiku ukiwa giza, walala juu ya gogo?
Nani anakutuliza, ukichoshwa na mzigo?
Nijibu hata kidogo, mama yako nasubiri.

Yeye hakusema "nasubiri." Alisema "nasubili," kama tunavyosema sisi Wamakonde. Mwalimu alikuwa na tabia ya kumsahihisha mtu palepale, na niliuona mdomo wake ukifunguka. Ukafungwa. Hakuna aliyegonga meza. Aliyeulizwa hakuwemo chumbani, na kila mtu alijua hivyo. Muuguzi mmoja alianza kulia, akatoka nje.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na ubeti mpya kila Jumamosi. Alimwuliza kaka kama kisigino kilichokuwa kikipasuka kimepona, kama bado anamwekea baba yake kinyongo kwa ajili ya mke wa Tandahimba au ameshasamehe, kama kule ming'oko, vile viazi vya porini, huchimbwa na wanawake au na wanaume. Kila ubeti uliishia kwa mstari uleule. Mwalimu alimwachia nafasi ya mwisho, na watu hawakuondoka mpaka mama aseme lake.

Ndipo alipokuja yule kijana.

Ilikuwa Jumamosi, kiangazi, mikorosho imeanza kutoa maua. Aliingia katikati ya usomaji akitembelea magongo mawili. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti, na mguu wa suruali ulikunjwa vizuri ukabanwa kwa pini. Watu walimpisha benchi la nyuma. Tuliwazoea majeruhi wa vita, maana wengi walitibiwa Mtwara na wengine wakapita kwetu, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Alikaa akasikiliza. Nilimwangalia kwa sababu alikuwa wa umri wa kaka, na kwa sababu alikuwa akitokwa jasho ingawa hakukuwa na joto.

Zamu ya mama ilipofika, alisimama akatoa ubeti wake. Alipomaliza, mwalimu alimgeukia mgeni kwa adabu, akamwuliza anatoka wapi. Kijana alisimama kwa magongo yake.

"Ninatoka ng'ambo," alisema. "Nimetumwa kwa mama huyu. Nilikuwa pamoja na mtoto wake vitani."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mama alibaki ameshika dawati. Kijana alifungua mdomo kuendelea, na hapo fundi cherehani, kwa furaha tu, bila nia mbaya hata chembe, akapiga benchi akasema, "Jibu!" Mwingine akapiga. Kisha wote, wanaume na wanawake, na sisi watoto wa madirishani, tukapiga mbao na kuta tukisema, "Jibu! Jibu!" Mama alikuwa akimtazama yule kijana kwa uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu yeyote.

Kijana alingoja kelele zitulie. Alitazama chini, akatazama juu.

"Jibu lipo," alisema. "Lakini nimetembea sana. Naomba nilitoe Jumamosi ijayo."

Mama alimchukua nyumbani siku hiyohiyo. Alimchinjia jogoo pekee tuliyekuwa naye. Alimrudia beti zake zote tangu ule wa kwanza, akamwuliza mambo mengi mfululizo, na kijana alijibu kwa maneno machache: ndiyo, mzima, ndiyo, ananenepa kidogo, hapana, hakupigwa risasi. Alisema ameambiwa apumzike upande huu mpaka mguu upone sawasawa. Mama akamwambia hatalala kwingine, akamtandikia chumba cha kaka.

Jumamosi iliyofuata watu walijaa mpaka uwanjani. Kijana alisimama, akaweka gongo moja kando, akasema:

Mama nimekusikia, mihogo huku ni tele,
Gogo ninalilalia, nasinzia vilevile,
Mzigo nashikilia, nasonga mbele kwa mbele,
Upike, ule, ulale, mwanao nitarejea.

Sijui kueleza kelele zilizotoka. Mzee wa msikitini alivua kofia akaipunga. Mwalimu alikuwa analia na kucheka, anahesabu mizani kwa vidole, anasema, "Imetimia, imetimia yote!" Mama hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akanivuta karibu yake, akaniambia sikioni, "Anasinzia vilevile. Umesikia? Vilevile."

Jioni ile alipika, akala sahani nzima. Nilikuwa sijawahi kumwona akila sahani nzima tangu kaka aondoke.

Majibu yaliendelea kuja. Kijana alisema wenzake wanaovuka mto humletea maneno ya kaka, naye huyashika kichwani kwa sababu vitani hakuna karatasi. Hilo lilituingia akilini vizuri kabisa. Mama aliuliza, na baada ya wiki mbili tatu jibu lilipatikana. Mara kaka ameona simba. Mara kaka amefundisha wenzake wimbo wa kwetu. Watu wa Newala walimfahamu kaka yangu kupitia majibu yale kuliko walivyomfahamu alipokuwa akichunga mbuzi mbele ya milango yao.

Mama alinenepa. Alinunua kanga mpya. Alianza kucheza ngoma harusini, jambo aliloliacha zamani, na alicheza vizuri, watu wakamzunguka. Alitia bidii kusoma mpaka akafaulu mtihani wa kisomo, akisema kaka akirudi amkute mama yake anasoma bango la basi mwenyewe.

Na yule kijana akawa wetu. Alijifunza kupalilia akiwa amekaa, akijisogeza kwa mikono kati ya matuta. Alinisaidia hesabu. Alikuwa na mzaha wa pole, akiniambia mimi ni afisa wake mkuu, akinipigia saluti kwa gongo. Alimwita mama yangu "Mama," na mama alipompelekea chakula alingoja aonje kwanza. Siku moja nilimwuliza yeye mama yake yuko wapi. Alisema aliuawa na bomu la ndege akiwa shambani. Alilisema hivyo, akaendelea kumenya korosho.

Wakati huo ndipo tulipohamishiwa kijiji cha mpango. Nyumba zetu zilizotawanyika kwenye mikorosho zilivunjwa, tukapangwa kwa mistari karibu na barabara, kwa ajili ya maendeleo, tuliambiwa, na kwa usalama pia, maana vita vilikuwa karibu. Mama alilia kuiacha nyumba alimozaliwa kaka. Alimwomba kijana ampelekee kaka ujumbe kwamba sasa tuko mstari wa tatu, nyumba yenye mlango wa bluu, asije akapotea. Niliwaona wakizungumza hilo. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, akisema, "Nimesikia, Mama. Nimesikia."

Mashairi yalihamia kwenye banda la kijiji lisilo na kuta. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa akija na kupendekeza mambo ya kutungiwa, korosho na vyoo na kadhalika, na baadhi ya watu walipunguza kuja. Mama hakukosa.

Halafu habari ikaja redioni kwamba vita vimekwisha. Mreno anaondoka. Sitaisahau siku ile. Watu walitoka majumbani wakapiga masufuria. Wakimbizi walioishi kwetu miaka yote ile walianza kufunga mizigo. Mama alipaka nyumba chokaa. Alifuma kitanda upya kwa kamba mpya. Kila lori lililopita kuelekea mtoni au kutoka mtoni, alikwenda barabarani akasimama.

Kijana alianza kukonda. Alikuwa hali vizuri, akisema tumbo. Mara mbili nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya nyumba, akiongea kwa Kimakonde kama mtu anayejifunza maneno. Nilidhani anatunga shairi.

Mwalimu aliandaa Jumamosi kubwa ya kusherehekea. Aliwaalika wapiganaji waliokuwa wakipita Newala kurudi kwao, na wakaja, kundi zima, wamevaa sare zilizochakaa. Banda lilipambwa makuti na maua. Mama alikuwa mstari wa mbele amevaa kanga yake mpya. Aliwakagua wale wanaume mmoja mmoja, uso kwa uso, kisha akaniambia, "Kundi lake litakuja nyuma."

Walisoma watu wengi. Zamu ya mama ilipofika, alisimama, na mwalimu akamtambulisha kwa wageni kwa jina analoitwa na wote, Mama wa fulani, jina la kaka. Mmoja wa wapiganaji, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alilisikia jina lile akasimama papo hapo. Alivua kofia. Alitembea mpaka kwa mama, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama," alisema. "Kumbe ni wewe. Pole sana, mama. Pole mno kwa msiba ule. Nilitaka kuja mwenyewe, lakini tulimtuma mwenzake aliyekuwa naye siku ile. Tulimzika vizuri, mama. Usiwe na wasiwasi. Tulimzika chini ya mti mzuri."

Mama alisema, "Nani?"

Yule mtu alitazama huku na huku. Akamwona kijana wa magongo amekaa pembeni. "Si huyu hapa aliyekuletea habari?" alisema. "Bomu la ardhini lililomkata huyu mguu ndilo lililomchukua mwanao."

Tulisikia kuku wakipekua makuti. Mama aliangalia mikono yake ikiwa mikononi mwa yule mtu. Aliitoa taratibu, kama mtu anayechomoa mkono chini ya mtoto aliyelala. Kisha akatembea kwenda nyumbani, nami nikamfuata. Hakulia njiani. Aliwasalimia hata watu waliomsalimia.

Kijana hakuja nyumbani siku ile. Alikuja asubuhi yake, akakaa ardhini mbele ya mlango, magongo ameyalaza kando. Mama alikuwa amekaa kizingitini. Hakuna aliyenifukuza, kwa hiyo nilisikia yote.

"Nilikuja kusema, Mama," kijana alianza. "Maneno niliyapanga njia nzima. Nilipofika nikakukuta umesimama. Wote wakapiga mbao wakitaka jibu. Nikaogopa."

"Uliogopa siku moja," mama alisema. "Na siku ya pili?"

"Siku ya pili ulikuwa umenichinjia jogoo."

"Na ya tatu? Na mwaka mzima? Na mvua za mwaka wa pili?"

Kijana alishika gongo lake, akaliachia.

"Nilicheza ngoma," mama alisema. "Unajua hilo? Mwanangu yuko udongoni, hajasomewa hata dua, mimi nacheza ngoma na kanga mpya. Watu wananipigia vigelegele. Nilipaswa kunyoa nywele. Nilipaswa kulala chini. Mtoto wangu amekosa kilio cha mama yake kwa sababu wewe uliniambia nipike, nile, nilale. Nikapika. Nikala. Nikalala!"

"Ulikuwa unakufa, Mama. Kila mtu aliniambia. Mifupa ilikuwa inaonekana."

"Ningekufa na kilio changu. Kilikuwa changu."

Kijana alianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima kisicho na sauti. Alisema hakuna aliyempikia tangu mama yake auawe. Alisema kila alipotunga jibu alikuwa anamjibu pia mama yake mwenyewe, na kwamba alipoona mama yangu anacheka alisema moyoni, wiki moja tu, wiki moja zaidi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanikata. "Umekuwa ukila sahani yake, na kwa mdomo huohuo ukimsemea. Ondoka nyumbani kwangu."

Aliondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea mfuko wake, maana hakuweza kuubeba pamoja na magongo. Nilitaka kumchukia, sikuweza. Nilitaka kumwambia abaki, hilo nalo sikuweza. Alipanda lori la wakimbizi lililokuwa likielekea mtoni. Alipokuwa juu alinitazama, akainua gongo kidogo kama anataka kunipigia saluti, akalishusha bila kuimaliza.

Baba alikuja kutoka Tandahimba, hitima ikasomwa. Lakini kilio cha mtu aliyekufa zamani ni kigumu. Watu hawajui wakae siku ngapi. Wengine walikuja na nyuso za msiba, wengine walikuja na nyuso za kuona haya, kwa sababu walishashangilia majibu yale. Mama alinyoa nywele zake. Alilala chini. Alilia kwa Kimakonde cha ng'ambo, maneno ya kwao ambayo hata mimi sikuyaelewa yote, na hayakuwa na mizani wala vina. Alimwomba msamaha kaka, kwa kila harusi aliyocheza, akiitaja ya nani na ya nani.

Mwalimu alikuja kila siku, akakaa na wanaume uwanjani. Siku ya mwisho alimwambia mama, "Mimi ndiye niliyewafundisha kudai jibu." Mama alimwambia, "Hapana mwalimu. Ninyi mlicheza. Mtu hakatazwi kucheza." Lakini mwalimu hakutulia. Jumamosi zilisita. Hakutangaza kwamba zimekwisha. Alikuwa tu haji bandani, na watu nao wakaacha kuja. Baada ya muda alihamishiwa Masasi, banda likawekwa magunia ya pembejeo.

Kilichofuata hakuna aliyekifikiria kabla. Watu hawakujua wamwiteje mama. Kumwita kwa jina la kaka kuliwatia woga. Wakaanza, mmoja mmoja, kumwita kwa jina langu. Mara ya kwanza tulikuwa bombani. Jirani alisema, "Hujambo, Mama wa," akataja jina langu. Mama aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Alipoelewa, aliitikia, akainama kujaza ndoo, na niliona maji yakifurika naye haondoi ndoo. Kwangu jina lile lilikuwa zito. Nililibeba kama nguo ya marehemu.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa Masasi. Nilikutana na yule mwalimu wa mashairi mara kwa mara. Hakuwa anatunga tena, ila alinisahihisha barua zangu za kazi. Mama alibaki Newala. Alisoma kila kilichokuwa na maandishi: magunia ya salfa ya mikorosho, vikopo vya dawa, magazeti yaliyofungiwa sukari. Lakini kipindi cha mashairi kilipoanza redioni aliinuka akatoka nje, hata kama mvua inanyesha, akasimama chini ya paa mpaka kiishe. Hakuwahi kueleza, na hakuna aliyemwuliza.

Alipozeeka nilimchukua Masasi kukaa nami. Aliugua kwa muda mrefu. Mchana mmoja nilikuwa namkanda miguu, akasema ghafla, bila kuanza popote:

"Yule kijana. Alipata mtu wa kumpikia?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Yuko ng'ambo, mama. Kulikuwa na vita vingine kule baadaye."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. "Ningemwambia tu aende salama," alisema. "Si kwa sababu ya mashairi. Alikuwa mtoto wa mtu, ana mguu mmoja, nikamtoa nyumbani asubuhi hajanywa hata uji."

Niliendelea kumkanda. Hakuongea tena habari hiyo, na kabla ya mwezi kuandama alikuwa ametutoka.

Baada ya arobaini yake nilianza kuulizia. Niliwapa jina la kijana wanawake wanaovuka mto kufanya biashara, pamoja na jina la kijiji alichotuambia ni kwao. Mmoja alirudi akaniambia amefika. Kijiji kimebaki miembe tu, watu walitawanyika katika vita vya pili, na wachache waliorudi hawamkumbuki mtu wa mguu mmoja, au wanawakumbuka wengi wa mguu mmoja, hawajui ninayemtaka ni yupi. Niliwaomba waendelee kuuliza. Kwa miaka kadhaa waliniletea samaki wakavu na salamu za heshima, lakini yeye hawakumpata.

Baba alishakufa. Mwalimu naye alifia kwao Tanga. Wa kumkumbuka kaka yangu nimebaki mimi, na nilikuwa mdogo alipoondoka. Nikijaribu kuisikia sauti yake, inakuja ile ya mwenzake, inakuja na mihogo na simba na wimbo aliowafundisha wenzake porini, mambo ambayo hakuyasema hata moja. Najaribu kuyatoa ili nione kinachobaki chini yake. Kinachobaki ni kidogo sana, na sina tena wa kumwuliza.